Rangi Kwanza au Mbao Kwanza?



Mama mmoja miongoni mwenu ametuletea swali, na kabla ya kuliuliza ameomba radhi kwa kulileta katika ukurasa huu, akidhani ni jambo la mafundi tu. Ana chumba cha chini katika nyumba ya kale ya mawe, kilichokuwa ghala ya wazee wake, na anataka kukitengeneza ili akae humo mwanawe wa kiume pamoja na mke atakayemuoa baada ya wiki nane. Fedha ni zake mwenyewe, alizoziweka kidogo kidogo katika chama cha akina mama. Seremala ameshaleta mbao za skatingi na vibao vya kuzungushia mlango, amevilaza sakafuni. Fundi wa rangi naye ameshanunua madebe yake. Basi wawili hawa wameshindwa kuafikiana. Seremala asema rangi ipakwe kwanza, ukuta mzima, ndipo yeye agongee mbao zake juu ya ukuta safi. Fundi wa rangi asema mbao zigongwe kwanza, ndipo yeye apake vyote kwa pamoja. Kila mmoja ataka malipo ya awali, na mama auliza ni nani kati yao mwenye haki.

Hana sababu ya kuomba radhi. Rangi ikifura na kubambuka kabla fungate haijesha, hasara haimwendei fundi, ambaye wakati huo huwa keshahamia kazi ya mtaa mwingine, bali humwendea yeye aliyetoa akiba yake ya miaka. Na bibi harusi aliyeingia nyumba ya watu akakuta ukungu katika nguo zake za sanduku hatasema kitu, lakini ataona.

Seremala ana sababu yake. Ukuta uliopakwa kabla ya mbao kugongwa hupakwa kwa wepesi: rola yapita hadi chini bila ya kuogopa kuchafua kitu, na rangi hufika hata mahali ambapo ubao utafunika, hivyo ubao ukinywea baadaye hautaacha mstari wa ukuta mtupu. Fundi wa rangi naye ana sababu yake. Mbao zikigongwa baada ya rangi kwisha, nyundo itateleza, ngazi itaegemezwa ukutani, mikono yenye vumbi itashika rangi mpya, na mashimo ya misumari yatabaki yakingoja kuzibwa. Atakayeitwa kurudi ni yeye, na aghalabu huitwa bila ya ujira. Kwa hivyo wote wawili wasema kweli, ila kila mmoja ameshika ile kweli inayompunguzia yeye kazi.

Jawabu letu ni kwamba kazi hizi mbili hazifuatani kama watu katika foleni, bali husukwa pamoja kama miyaa ya ukili. Rangi huanza, mbao zikaingia katikati, kisha rangi ikamaliza. Lakini kabla ya rangi na kabla ya mbao kuna jambo la tatu ambalo hakuna hata mmoja wa mafundi hao aliyelitaja, nalo ni ukuta wenyewe.

Katika maelezo yake mama ametaja, kwa kupita tu, kwamba sehemu ya chini ya ukuta "hutoa unga mweupe" kila baada ya mvua. Hilo ndilo lililotushughulisha kuliko ugomvi wa mafundi. Unga ule ni chumvi. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na jiwe la matumbawe lina vitundu vidogo vidogo visivyohesabika. Maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka kwa hewa, na chumvi iliyokuwamo hubaki. Chumvi hiyo hukua punje punje, na katika kukua kwake husukuma lipu na rangi zitoke nje.

Wajenzi wa zamani walilijua jambo hili, wakapiga lipu ya chokaa na kupaka chokaa juu yake, kwa kuwa chokaa huuachia unyevu utoke. Fort Jesus, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593, imesimama kwa matumbawe na chokaa hiyohiyo. Mashaka yameingia pale tulipoanza kuzivika nyumba hizi saruji na juu yake rangi ngumu za kisasa zenye kung'aa. Unyevu hukosa njia, hujikusanya nyuma ya rangi, na rangi hufura kama andazi kisha hubambuka kama magamba ya samaki. Watu hulaumu rangi, wakanunua nyingine ya bei kubwa zaidi, nayo hufanya vilevile.

Ikiwa mama ana shaka, na afanye jaribio hili. Achukue kipande cha plastiki nzito ya kuona (si mfuko wa dukani, ule ambao serikali imeupiga marufuku tangu mwaka 2017), chenye ukubwa wa dhiraa moja kwa moja hivi, akibandike ukutani kwa utepe pande zote nne bila ya kuacha nafasi, akiache hadi kesho yake wakati kama huo. Akikuta matone ya jasho upande unaoelekea ukuta, basi ukuta bado una maji, wala usiguswe kwa rangi ya kisasa.

Tiba huanzia nje. Aangalie mlizamu ulioziba, bomba la chooni linalovuja, na udongo au taka zilizorundikana nje ya ukuta hata zikapita kimo cha sakafu ya ndani. Akishayatengeneza hayo, lipu iliyolegea ibanduliwe mpaka futi moja na nusu hivi kupita alama ya unyevu. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu. Isioshwe kwa maji, kwani maji huiyeyusha na kuirudisha ndani ya jiwe, na kazi yote ikawa bure. Ukuta uachwe wazi, dirisha likiwa wazi, upigwe na upepo. Kisha lipu irudishwe kwa mchanga na chokaa, kwa matabaka membamba, kila tabaka likingoja lililotangulia likaze. Bado wapo waashi wa Lamu na wa mitaa ya kale ya Mombasa wanaoijua kazi hii, na ni afadhali kumngoja mmoja wao kuliko kumchukua wa karibu mwenye mfuko wa saruji mkononi.

Kwa wale wenye nyumba mpya za matofali na saruji, shauri ni jepesi zaidi, lakini subira haiepukiki. Lipu ya saruji huhitaji kiasi cha wiki nne kabla ya rangi. Zaidi ya unyevu, saruji mbichi ina ukali kama wa magadi, na rangi ya mafuta ikikutana na ukali huo hugeuka. Mama aliyewahi kupika sabuni nyumbani aelewa vizuri, kwani sabuni ni mafuta yaliyokutana na ukali, na ndivyo hasa iwavyo rangi hiyo ukutani: hulainika, ikanata, ikatoka. Ni vyema pia kupanga kazi hizi wakati wa kaskazi, baina ya Januari na Machi, siku ambazo hewa ni kavu. Katika masika rangi yaweza kushinda kutwa nzima bado yanata kidoleni.

Wako pia wasomaji wetu wenye watoto Marekani na Kanada, ambako nyumba nyingi zina chumba kizima chini ya ardhi, na vijana hujitengenezea wenyewe kwa kuwa ujira wa mafundi ni mkubwa. Kuta za ndani huko aghalabu ni za bodi za jipsamu, na skatingi zao ni za mbao. Nao huuliza swali hilihili la rangi na mbao, na adui yao wa kwanza ni yuleyule, maji ya udongo yanayopenya ukutani. Mpango tutakaoueleza wafaa hata kwao.

Ukuta ukishakauka, kazi zote za vumbi na za kuchimba zimalizwe kwanza. Fundi wa umeme apitishe nyaya zake, wa bomba apitishe mabomba yake, na fremu ya mlango, ile miimo inayoshikana na ukuta, iwe imesimama. Tumeshuhudia ukuta uliopakwa rangi mara tatu ukapasuliwa kwa sababu mwenye nyumba alikumbuka feni.

Hapo ndipo fundi wa rangi aingie mara ya kwanza. Apige msasa, azibe nyufa, afute vumbi, apake rangi ya msingi inayofaa lipu. Aanze juu, kwa kuwa rangi hudondoka chini. Dari imalizwe kabisa, na ikiwa ni dari ya boriti basi boriti zisafishwe na kutiwa dawa ya wadudu wakati huo. Kisha kuta zipakwe mpako mmoja hadi chini kabisa, bila ya kujali ukingo, maana mbao bado hazijaja. Mpako wa mwisho usipakwe. Hili fundi wa rangi huwa hapendi kulisikia, kwa sababu ataka kumaliza na kwenda zake, lakini ndilo kitovu cha shauri letu.

Kama sakafu itawekwa vigae, basi viwekwe sasa. Saruji na maji ya kujazia mianya ya vigae huruka ukutani, nayo yatafunikwa na mpako utakaokuja.

Ama mbao zenyewe, zina maandalizi yao ambayo huanza mapema, wakati ukuta bado wakauka. Zile zilizolazwa sakafuni katika chumba chenye unyevu zinyanyuliwe leo hii, ziwekwe juu ya vigingi mahali penye hewa, kwani zinakunywa maji na zitapinda. Zikishakauka, zipakwe rangi ya msingi pande zote: mbele, nyuma na kwenye ncha zilizokatwa. Maseremala wengi hupaka upande unaoonekana tu. Ule wa nyuma, unaogusa ukuta, ndio unaokunywa unyevu na ndio unaoanza kuoza, na mchwa huingia kwa njia hiyohiyo bila ya kuonekana mpaka ubao uwe ganda tupu. Kisha siku chache kabla ya kugongwa ziingizwe katika chumba zitakamogongwa, zizoee hewa yake.

Seremala sasa agonge skatingi, agonge vibao vinavyoziba ufa baina ya fremu na ukuta, atundike mlango, ajaribu kitasa kisha akitoe. Vichwa vya misumari vizamishwe kidogo ndani ya ubao. Akiondoka yeye, fundi wa rangi arudi mara ya pili. Azibe mashimo ya misumari, aupitishe msasa mwembamba, na katika ule ufa mdogo baina ya ubao na ukuta atie dawa ya kuziba yenye kunyumbuka, si simenti wala lipu ngumu ambayo itapasuka mara ubao utakapocheza.

Hapa mafundi huhitilafiana tena: je, amalizie ukuta kwanza au mbao? Wapo mahodari kila upande. Sisi twachagua mbao, na sababu yetu ni hii. Mbao hupakwa rangi ya mafuta, na kuta hupakwa rangi ya maji. Tone la rangi ya maji likiangukia ubao uliokwisha kukauka hufutwa mara moja kwa kitambaa kibichi. Tone la rangi ya mafuta likiangukia ukuta hubaki, na hata likifunikwa mng'ao wake huchungulia. Basi mbao zipate andakoti, kisha mpako wake wa mwisho, zikauke usiku kucha au zaidi. Ndipo kuta zipakwe mpako wa kumalizia, kwa brashi nyembamba kwenye ukingo wa ubao na rola mahali pengine. Ikiwa mlango ni wa mbao nzuri kama mbambakofi au mvule, asithubutu mtu kuufunika kwa rangi. Utiwe vanishi, mpako wa kwanza ukiwa bado kwa seremala na wa mwisho chumba kikishakwisha. Vitasa na vifuniko vya swichi ndivyo vya kufungwa mwisho wa yote.

Sasa turudi kwa mama na wiki zake nane. Wiki ya kwanza ni ya mlizamu na kubandua lipu. Ya pili na ya tatu ni za kukausha jiwe, kuchimba njia za nyaya na kurudisha lipu ya chokaa. Wiki tatu zinazofuata chumba kiachwe. Ya saba ni ya dari, mpako wa kwanza na mbao, na ya nane ni ya kumalizia, huku zikibaki siku kadhaa za kutoa harufu. Muda ni mfinyu, na kwa ukuta wenye chumvi hatumdhaminii kwamba utakuwa umekauka kabisa. Kwa hivyo twamshauri kwa uwazi: kuta za chumba hiki zipakwe chokaa, iliyotiwa rangi kidogo akipenda, wala asinunue rangi ya kisasa kwa sasa. Yale madebe ambayo hayajafunguliwa ayarudishe dukani ikiwa watakubali, au ayaweke kwa vyumba vya juu. Chokaa hustahimili unyevu, hugharimu kidogo, na ikichakaa hupakwa tena asubuhi moja. Skatingi za mbao zisigongwe kwenye ukuta ule unaotoa chumvi; vigae vifanye kazi hiyo upande huo, na mbao zibaki kwa mlango na kuta kavu. Kitanda na kabati la nguo visiegemezwe ukutani, bali viachiwe nafasi ya shibiri moja hewa ipite. Bibi harusi kuingia katika chumba cheupe cha chokaa si aibu. Bibi zetu wengi waliolewa katika vyumba vya namna hiyo.

Jambo moja la afya tusilipite. Milango na madirisha ya nyumba za kale yana matabaka ya rangi za mafuta za miaka mingi, na nyingi katika rangi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Kiwango cha sasa cha Kenya hakiruhusu risasi kupita sehemu 90 katika milioni, lakini tabaka za chini zilipakwa kabla ya kiwango hicho. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Basi rangi ya kale isikwanguliwe ikiwa kavu wala isichomwe moto. Iloweshwe maji, ikwanguliwe taratibu, taka zikusanywe na kufungwa, sakafu ipigwe deki na wala isifagiliwe. Watoto na mwenye mimba wasiwepo nyumbani siku hiyo.

Limebaki la malipo. Mama asimpe yeyote fedha zote mwanzoni, na makubaliano yaandikwe, hata kama fundi ni jirani. Ujira wa fundi wa rangi ugawanywe mafungu matatu: la kwanza dari na mpako wa kwanza wa kuta vikishakwisha, la pili mbao zikishapakwa, la tatu baada ya mpako wa mwisho na kitasa kufungwa. Mpango huu wamhakikishia mama kwamba fundi atarudi, na wamhakikishia fundi kwamba kurudi kwake si kwa bure, maana ziara ile ya pili imehesabiwa tangu mwanzo. Fungu likifika wakati wake lilipwe siku hiyohiyo. Seremala alipwe nusu mbao zikigongwa, na nusu mlango ukishafungika vizuri baada ya rangi, kwa sababu mlango uliopakwa rangi huongezeka unene na mara nyingi huhitaji kupigwa randa kidogo tena.

Rangi na anunue mwenyewe, sasa kwa vyumba vya juu au baadaye kwa hiki. Chumba cha futi 12 kwa 12 chenye kuta za futi 9 kina mita 40 za mraba za ukuta, na ukitoa mlango na dirisha zabaki kama 36. Lita moja hufunika mita 10 hivi kwa mpako mmoja juu ya ukuta laini, kwa hiyo mipako miwili yataka kama lita saba na ushei, yaani madebe mawili ya lita nne. Akitajiwa madebe matano, na aulize la tatu, la nne na la tano ni za nini. Skatingi ya chumba hicho, ukiondoa mlango, ni kama futi 45, na seremala huongeza kidogo kwa ajili ya kukata pembe. Rangi itakayosalia itiwe katika chupa yenye kifuniko, iandikwe jina na nambari ya rangi pamoja na tarehe, iwekwe pasipofikiwa na watoto. Itahitajika mara kabati litakapokwaruza ukuta siku ya kuingizwa.

Swali lake la pili, la mapazia na dirisha linalotazamana na la jirani, tutalijibu juma lijalo inshallah.